Nyuki Chini ya Kiti

“Hii betri imeenda, Mama Shirleen,” Mureithi alisema, kisha akatafuta kitambaa cha kupangusia mikono, ingawa mikono yenyewe haikuwa imeshika kitu.

Alikuwa amechomeka kijimashine chake cha kusomea hitilafu chini ya usukani, akasoma herufi moja na tarakimu nne kwenye kioo, akakichomoa. Haikufika dakika tatu. Sasa alisimama hatua moja nyuma ya boneti iliyo wazi, akiziangalia zile nyaya nene za rangi ya chungwa kama mtu anavyomwangalia nyoka ambaye hajui kama amelala au amekufa.

“Imeenda wapi?” Ayuma aliuliza.

“Imekufa. Ile kubwa, ya stima, ya umeme wa kusukuma gari. Ndiyo maana taa imewaka na gari inakataa kutembea na stima. Inajikokota na petroli tu, na hata hiyo ni kwa huruma. Betri ingine ni laki saba, na ni ya kuagiza.”

“Lakini hujaifungua.”

“Mama, hii si cherehani. Hiyo kitu ikikupiga, jioni tunakuja kwako kula mchele wa matanga.”

Ayuma alimgeukia mumewe. Phares Wamalwa alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kiwandani, na koti lake la buluu la stoo, mikono mgongoni. Gari hili hakulitaka tangu mwanzo. Yeye alitaka gari la petroli la kawaida, gari ambalo kila fundi wa mtaa wao wa Tassia amewahi kulala chini yake. Ayuma ndiye aliyepiga hesabu: kutoka Tassia mpaka shule ya Shirleen kule mtaa wa Ziwani, kwenda na kurudi, stima inatosha bila kugusa petroli. Ukirudi unachomeka waya pale kibandani pako pa kushonea, unashona huku likijaa chaji, na saa tisa unaondoka tena kumchukua mtoto. Akashinda. Lakini mkopo uliandikwa kwa jina la Phares.

“Mimi si mtu mbaya,” Mureithi aliendelea. “Nitaichukua hivi ilivyo. Laki tano na nusu.”

“Tuliinunua milioni moja na laki nane!”

“Nyinyi mlinunua gari. Mimi nanunua mabati na viti.” Akainama akachungulia ndani, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. “Na viti ndivyo vizuri, ukweli usemwe. Hizo kazi za mkono wako, mama, wateja wangu wanazipenda kuliko injini.”

Hakuwa anambeza. Ayuma alikuwa mshonaji wa vifuniko vya viti vya magari, na Mureithi alikuwa akichukua seti zake na kuzivisha magari aliyouza. Kila aliyeona kiti cha nyuma cha gari hili alikipenda, maana hapo Ayuma alikuwa ameshona kwa moyo wote: kitambaa kinene cha rangi ya damu ya mzee, kimevutwa kwa mpira kutoka mgongo wa kiti mpaka sakafuni, na upande wa mlango mto mnene wa sponji uliobana ubavuni mwa kiti, ili Shirleen, ambaye mgongo wake haukushika vizuri na miguu yake haikutembea, asiteleze gari likikata kona. Watu waliuita mto wa Shirleen. Wengine waliuagiza na hawana mtoto mlemavu, waliutaka tu kwa urembo.

“Jumamosi saa nne,” Phares alisema. Hilo ndilo neno lake la kwanza tangu afike. “Njoo na pesa.”

“Baba Shirleen!”

“Nimesema.”

*

Ngazi za ploti yao zilikuwa arobaini na nane mpaka orofa ya tatu. Phares alizijua kwa idadi kwa sababu kila jioni alimbeba Shirleen mgongoni, na Shirleen alikuwa amefika miaka kumi na mmoja na kilo thelathini na sita.

“Baba, unahema.”

“Nahema kwa sababu unakula.”

“Si ni wewe unanunua?”

Kwa kawaida Phares angecheka. Leo alimweka kwenye kochi, akakaa, akavua viatu. Ayuma alisonga ugali akiwa amewapa mgongo, na mwiko ulikuwa ukisema yote aliyokuwa nayo moyoni.

“Ukiuza gari, kesho kutwa huyu anaenda shule na nini?” aliuliza hatimaye.

“Na kile alichokuwa akienda nacho zamani.”

“Zamani alikuwa kilo ishirini, nambeba mgongoni mpaka ndani ya matatu. Na umesahau mwalimu mkuu alisema nini? Siku kumi. Akikosa siku kumi mfululizo bila barua ya daktari, nafasi inapewa mwingine. Kuna watoto arobaini wanangoja. Leo ni siku ya sita.”

“Sijasahau.”

“Basi?”

“Basi mkopo unakatwa kwa mshahara wangu, gari litembee lisitembee. Nikipata hiyo laki tano na nusu napunguza deni, tunatafuta kitu kidogo cha petroli mwakani. Unataka nifanye nini, Ayuma? Nikasimame pale chini nililie? Kila siku nikipita pale langoni, keateka wa ploti ananiuliza, ‘Mzee, imebaki asilimia ngapi?’ Jana wakaniomba niwachajie simu. Mtu mzima, mimi.”

“Kwa hivyo ni aibu.”

“Ni pesa na aibu. Zote mbili.”

Shirleen alikuwa akimenya ndizi. “Mimi niliwaambia gari lina nyuki,” alisema.

Hayo ya nyuki alikuwa ameyasema tangu Januari. Mama, kuna nyuki chini ya kiti. Mama, leo nyuki wamekasirika. Ayuma aliyachukulia kuwa mchezo, maana mtoto alikuwa na mchezo mwingi na lile gari. Kwa kuwa likienda kwa stima halitoi mlio wowote, na watu wa Tassia hutembea katikati ya barabara kama sebuleni kwao, Shirleen alijipa kazi: kioo chini, kichwa nje, “Gari! Gari hilo! Kando!” Wauza mboga walimjua. Tangu taa iwake na injini ya petroli kuanza kunguruma, alikuwa amefutwa kazi, kama alivyosema mwenyewe.

*

Alhamisi Ayuma alijaribu njia ya zamani. Saa kumi na mbili na nusu walikuwa steji, Shirleen kwenye kiti chake cha magurudumu, sare imepigwa pasi.

Makanga wa kwanza, mkono kwenye mlango wa matatu, alijifanya hakuwaona. Wa pili alikitazama kiti, si mtoto. “Mathe, hiyo troli inalipa watu wawili.”

“Nitalipa.”

“Na inakaa wapi? Nimejaza.” Gari lilikuwa nusu tupu.

Wa tatu alikuwa mpole, na upole wake ulichoma zaidi. “Mama, asubuhi hivi watu wana haraka. Mngoje saa tatu, nne hivi, watu wakipungua.”

“Shule inaanza saa mbili.”

“Sasa mimi nitafanyaje?”

Walisimama pale hadi jua likapanda. Mwisho Shirleen alisema, kwa sauti ya mtu anayefunga mkutano, “Turudi, Mama. Hawa hata tukilipa watu watatu, watasema tuko wanne.”

Siku ya saba.

Ayuma hakumpandisha ngazi. Alimsukuma mpaka kibandani pake chini ya ploti, mahali gari lilipoegeshwa na waya wake mweusi umezungushwa ukutani. Alikuwa ameamua jambo moja. Bei waliyoelewana na Mureithi ilikuwa ya mabati na viti. Vifuniko havikuwemo. Kama gari ni la kwenda, litaenda uchi kama lilivyotoka Japani. Jasho la mkono wake hataliacha liende na laki tano na nusu.

Alianza na sehemu ya mbele, akamwaga vitu vyote vya kisanduku cha dashibodi: risiti, peremende, skrubu, na kijitabu kinene cha maelezo ambacho hakuna aliyewahi kukifungua, kwa kuwa kilikuwa cha Kijapani kutoka jalada hadi jalada. Phares alikuwa akikitumia tu kuzuia mlango wa gari usijifunge.

“Nipe nisome,” Shirleen alisema.

“Utasoma Kijapani?”

“Nitaangalia picha.”

Ayuma alimpa, kisha mkono wake ukasita hewani. Picha. Yeye mwenyewe alitoka shule darasa la saba, na kushona hakufundishwa kwa kusoma. Alifundishwa kwa michoro: karatasi ya kukatia nguo ina mistari, mishale, nukta na mikasi midogo, na ukishaijua lugha hiyo, karatasi ikitoka Uturuki au China inakwambia yale yale. Akakichukua tena kijitabu, akaketi kwenye kigoda cha cherehani, akaanza ukurasa wa kwanza.

Alifungua kurasa mia mbili na zaidi. Mteja mmoja alipita kuuliza bei, akajibiwa bila kutazamwa, akaenda zake. Karibu na mwisho palikuwa na mchoro wa kiti cha nyuma. Ubavuni mwa kiti, upande wa mlango, palichorwa kidirisha chenye vipande vya kulala kama mbavu, na mishale mitatu ya upepo ikiingia ndani. Mchoro wa pili ulikuwa wa kidirisha hicho hicho, mtu amekiwekea begi na kitambaa. Juu yake palipigwa mkato mkubwa mwekundu. Mchoro wa tatu ulionyesha betri chini ya kiti, na juu ya betri mistari ile ya kujipindapinda ambayo duniani kote maana yake ni moto.

Ayuma aliurudia mchoro wa pili kwa kidole.

“Mama?”

Aliinuka. Akahakikisha gari limezimwa na waya umechomolewa. Akafungua mlango wa nyuma, akapiga magoti, akaivuta mipira ya kifuniko kutoka sakafuni. Mto wa Shirleen ulikuwa umebana vizuri, kazi safi, haukuteleza hata kidogo. Ilibidi aukate nyuzi. Ulipotoka, nyuma yake palikuwa na kidirisha chenye mbavu, mahali hasa pa mchoro.

Kilikuwa kimeziba ndii. Alikipenyezea bisibisi, kikabanduka, na ndani yake chujio dogo likatoka likiwa limevaa ngozi nene ya vumbi la nyuzi, laini kama manyoya ya paka. Ayuma alilishika kwenye mwanga. Kila rangi aliitambua. Samawati ya gari la mchungaji. Kijivu cha teksi tano za Desemba. Manjano ya gari la yule bibi harusi wa mtaa wa Fedha. Na juu ya zote, tabaka nene la damu ya mzee. Mwaka mzima alikuwa akisafirisha vitambaa na sponji katika gari hili, na betri ilikuwa ikivuta pumzi kupitia kazi yake, kisha akaja akaiziba mdomo kwa mto.

Kila Jumamosi, kabla ya kufunga kibanda, Ayuma hufungua kibati cha chini ya sindano ya cherehani na kupiga brashi vumbi la nyuzi. Cherehani ikigoma, hilo ndilo jambo la kwanza. Wanafunzi wake wote huwapigia kelele kwa hilo: safisha kwanza, fundi baadaye. Na hapa mwenyewe.

“Hao ndio nyuki?” Shirleen aliuliza.

“Ilikuwa feni, mwanangu. Feni ilikuwa ikivuta hewa na hakuna hewa.”

“Kwa hivyo nilikuwa nasema kweli.”

“Ulikuwa unasema kweli.”

Shirleen hakushangilia. Alilitazama lile chujio, akautazama ule mto sakafuni, na kwa kuwa hakuwa mjinga, akaelewa.

Ayuma alichukua brashi ya cherehani.

*

Taa haikuzimika kwa kusafishwa. Gari liliwaka, injini ikanguruma, ile alama ya manjano ikabaki palepale ikimtazama.

“Twende kwa Fundi Adoyo,” Shirleen alisema. “Ndiye anatengeneza stima ya shule. Ana kompyuta ya kupimia betri.”

Kwa hivyo Ijumaa, ingawa wiki nzima waliogopa gari kuwazimikia njiani, waliondoka alfajiri, wakitambaa kwa petroli kwenye Jogoo Road, malori yakiwapigia honi na madereva wakitoa vichwa kumwambia Ayuma arudi jikoni. Walichukua saa moja na nusu. Lakini Shirleen alifika, akaingia darasani, na hesabu ya siku kumi ikakatika kwenye saba.

Adoyo alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, suruali ya kazi, miwani imening'inia kwa kamba ya viatu. Hakusalimia sana. Alichomeka kompyuta yake, akavuta stuli, akakaa. Alikaa karibu saa nzima.

“Nani alikwambia hii imekufa?”

“Fundi mmoja Tassia.”

“Alisoma nini?”

“Namba moja tu.”

“Namba moja!” Adoyo alisonya. “Mama, betri ya gari kama hii ni ploti ya vyumba themanini. Huyo wako alisoma jina langoni, hakubisha mlango hata mmoja. Mimi nimebisha yote. Wapangaji wako ndani. Wana homa, ndiyo, wamepikwa vibaya, lakini wako ndani.” Akazunguka, akafungua mlango wa nyuma, akamulika kidirisha kwa simu. “Hapa palikuwa pamefunikwa.”

“Ndiyo.”

“Alama za gundi, alama za mpira. Mtu ameketi akapima, akakata, akapafunika kabisa. Fundi gani huyo mjinga?”

“Mimi.”

Adoyo alimtazama juu ya miwani. “Nyaya za chungwa uliguza?”

“Sikuguza.”

“Basi umewashinda wanaume watatu ninaowajua, na mmoja wao hana vidole viwili.” Akarudi kwenye kompyuta. “Nafuta taa. Leo usiku chaji polepole mpaka ijae. Kesho endesha kilomita arobaini kwa stima, bila kuharakisha. Taa isiporudi, una gari, na kila mwezi unasafisha hapo. Ikirudi, mpe huyo wa Tassia.”

*

Jioni Phares alisikiliza yote akiwa amesimama. Yaani, alisikiliza yale aliyoambiwa. Ayuma alimwambia palikuwa na uchafu, ukasafishwa. Mto hakuutaja. Alikuwa na nia ya kuutaja, ulimi ukawa mzito.

“Fundi wa kengele za shule,” Phares alisema, “anajua kuliko Mureithi?”

“Mureithi anataka kununua. Yule hataki kitu. Alinitoza elfu mbili.”

“Nimempa mtu neno.”

“Ulimpa neno kwa gari lililokufa. Likiwa hai, ni gari lingine. Kilomita arobaini, Phares. Twende sote. Taa ikirudi, mimi mwenyewe nitamkabidhi funguo.”

Phares alikaa kitandani, akavua saa, akaivaa tena. “Saa kumi na moja na nusu,” alisema.

Walitoka kabla ya jua. Ayuma aliendesha. Phares alikaa nyuma na Shirleen, kwenye kiti kisicho na kifuniko, mkono wake mmoja ukimshikilia mtoto asiteleze, macho yake yakiwa juu ya bega la mkewe, kwenye dashibodi. Walikwenda Ziwani. Wakarudi hadi Donholm. Wakaenda tena. Gari lilikuwa kimya, mji ukifungua maduka. Kilomita ya ishirini na sita, penye mlima mdogo, kitu kilianza kulia chini ya kiti, na Ayuma akapunguza mwendo.

“Ni feni,” Shirleen alisema. Alikuwa ametandaza kiganja mbele ya kidirisha. “Inavuta. Weka mkono, Baba.”

Phares aliinama akaweka mkono. Hewa ikapita kati ya vidole vyake. Baada ya dakika mbili mlio ukashuka, ukatulia, na ile taa ya manjano haikuwaka.

Waliporudi kibandani, kilomita arobaini na tatu, Mureithi alikuwa akingoja na bahasha ya kaki kwapani. Keateka alikuwepo, na wauza mboga wawili, na yeyote aliyekuwa hana kazi Jumamosi ile.

“Nimekuja na yote,” Mureithi alisema. “Mhesabu.”

“Gari haliuzwi,” Phares alisema.

“Aa, Wamalwa. Mwanaume na neno lake.”

“Neno nilitoa juu ya betri iliyokufa. Hii imetembea arobaini na tatu kwa stima. Ingia uangalie.”

Mureithi aliingia, akachomeka kijimashine chake, akakitazama, akakipiga kwenye goti, akakitazama tena. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. “Naongeza laki mbili.”

“Wiki hii ilikuwa mabati,” keateka alisema, na watu wakacheka.

“Ilikuwa nini?” Mureithi aliuliza, safari hii kama fundi, si kama mnunuzi. “Kweli, niambieni. Nilikosea wapi?”

“Uchafu,” Phares alisema. “Mke wangu alitoa uchafu.”

“Uchafu gani?”

Wote wakamgeukia Ayuma. Angeweza kusema vumbi tu, na vumbi ni la Mungu, halina mwenyewe. Angekuwa shujaa wa Tassia mwezi mzima. Lakini alimwona Shirleen akimtazama kutoka dirishani, na Shirleen alikuwa ameliona chujio. Na mficha uchi hazai.

“Ni mto,” alisema. “Betri inavuta hewa ubavuni mwa kiti cha nyuma. Mimi nilishona mto nikapaziba. Ile kazi yangu mnayoisifu ndiyo ilitaka kuua gari.”

Muuza mboga mmoja akasema “Woi.”

Phares alimgeukia. “Kwa hivyo ni wewe.”

“Ni mimi.”

“Jana hukuniambia.”

“Jana niliona haya.”

Phares akakuna kidevu. “Na mimi nilikuwa naiuza,” alisema polepole, kama mtu anayepima makosa mawili kwenye mizani moja.

Mureithi alimvuta Ayuma kando, akashusha sauti. “Mama, hiyo story ife hapa. Nimeweka seti zako kwa gari mbili za aina hii. Na ile ya jirani yako Mwalimu Carolyne ni tatu. Ukianza kuimba, nani atanunua tena? Wewe utakosa kazi, mimi nitapigiwa simu usiku na mchana.”

“Hizo mbili ziko kwa nani?”

“Umesikia nilichosema?”

“Nimesikia. Ziko kwa nani?”

“Moja iko Fedha, ingine Donholm. Namba sikupi.”

“Basi niambie wanasali kanisa gani. Kesho ni Jumapili, nitasimama mlangoni na mkasi.”

Mureithi alimtazama kuona kama anatania. Akatoa simu. “Wewe mama una kichwa kigumu,” alisema, lakini alizisoma namba, moja moja, na Ayuma akaziandika kwa chaki ya kushonea kwenye kipande cha kitambaa.

*

Mwalimu Carolyne aliishi ploti ya tatu kutoka kwao. Alishuka na kanga kiunoni, akasikiliza, akakunja mikono.

“Kwa hivyo nilikulipa uniharibie gari.”

“Ulinilipa. Bado halijaharibika. Nimekuja kabla.”

“Nilikuwa nasikia kitu kikilia. Nikasema labda ni redio.”

“Ni feni. Fungua mlango, mwalimu.”

Ayuma alipiga magoti kwenye kokoto. Aliutoa mto wote, akakisafisha kidirisha kwa brashi, kisha akapima kwa vidole, akachora kwa chaki, akatia mkasi katika kifuniko alichokuwa amekishona kwa siku nne. Alikata dirisha la upana wa kiganja. Kingo zilizochanika hakuziacha hivyo. Alitoa ukanda wa kitambaa mfukoni, akazitia pindo kwa sindano ya mkono, tundu baada ya tundu. Kazi ya dakika hamsini. Watu walipita wakauliza, akawajibu wote. Carolyne alisimama muda wote huo mikono imekunjwa, hakuleta chai, hata stuli hakuleta.

“Nitataka pesa ya mto nirudishiwe,” alisema mwishoni.

“Ni haki yako. Mwisho wa mwezi.”

Carolyne aliinama, akapitisha kidole kwenye lile pindo, akizunguka kona zote nne. Akatafuta kasoro, hakuiona. “Na yule mtoto wako sasa anakaaje bila mto?”

“Nimemshonea mkanda wa kifuani. Mto nilikuwa nimeupenda mimi.”

Barabarani Phares alikuwa amekaa kwenye usukani, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu gari lije. Shirleen alikuwa nyuma, mkanda mpya kifuani, mkono kwenye kidirisha.

“Nyuki wamelala?” Ayuma aliuliza akijipangusa kokoto magotini.

“Wamelala fofofo.”

“Bado mbili,” alimwambia mumewe, akamwonyesha kile kipande cha kitambaa. “Fedha kwanza.”

Phares alikisoma, akakirudisha. “Funga mkanda,” alisema, akabonyeza kitufe, na hakuna kilichosikika. Gari likaanza kwenda katikati ya watu, meza za nyanya, na watoto, na hakuna aliyesogea, maana hakuna aliyelisikia.

Shirleen akashusha kioo, akatoa kichwa nje, akajaza kifua.

“Gari!” akapiga kelele. “Gari hilo! Kando!”